Ukiombwa Kusindikiza Wakimbiaji kwa Baiskeli

Wadogo zangu, wenye barua za wachumba na wakwe naomba mnivumilie leo, zamu yenu itafika wiki ijayo. Kuna mdogo wetu wa Moshi, binti anayeendesha baiskeli na kikundi cha vijana wenzake kila Jumamosi, ameniandikia akiwa na wasiwasi. Kikundi chao kimeombwa kitoe watu wa kujitolea kwenye mbio za marathoni: waje na baiskeli zao, wawasindikize wakimbiaji. Yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sasa usingizi haumjii. Anauliza kazi yenyewe ni ipi hasa, kama msichana anaweza kupangiwa kipande chochote cha njia, na kama baiskeli yake ya kwendea kazini, yenye kikapu mbele, itamwaibisha.

Mbio za barabarani zimeshika kasi nchini, na si Moshi peke yake. Najua wapo wengi wenu mtakaoombwa kazi hii au mmeshaombwa. Kwa hiyo namjibu yeye, nanyi sikilizeni.

Utaweza, mdogo wangu. Ila kuendesha baiskeli unajua tayari, na si hicho ulichoombwa. Umeombwa kuangalia watu. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, na hakuna mwandaaji mwenye madaktari wa kuwapanga barabara nzima. Ataweka meza ya maji hapa, hema la huduma ya kwanza pale, na katikati panabaki vipande virefu ambako mtu anaweza kukaa chini ya mwembe akitapika, asionekane na yeyote anayehusika. Gari haliwezi kupita kwenye kundi la wakimbiaji bila kuwasukuma pembeni. Bodaboda itapenya, lakini itamwachia moshi puani mtu anayehema kwa nguvu zake zote. Baiskeli inapita kimya, inasimama popote, inageuza na kurudi nyuma bila kumsumbua mtu. Ndiyo maana kule Uingereza shirika la St John Ambulance lina wahudumu wa afya wanaotumia baiskeli, na mashine ya kushtua moyo wanakwenda nayo humo humo kwenye mikoba.

Najua mkisikia kusindikiza, wengi mnawaza kule mbele kabisa, penye kamera na utepe. Mbele pana heshima yake, sikatai. Lakini panahitaji miguu, na zaidi ya miguu panahitaji mtu anayeijua njia hata akifumba macho. Kelvin Kiptum alipokimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, alikuwa anakwenda wastani wa kilomita 21 kwa saa. Hapa kwetu tuseme mshindi anatumia saa mbili na dakika ishirini: hizo ni kilomita 18 kwa saa, bila kupumzika, na akianza kupanda barabara ya kuelekea Mweka yeye hapunguzi sana, ila wewe mwenye baiskeli nzito utatamani ushuke uisukume. Kama huna mazoezi ya kupanda mlima kwa mwendo huo, sema mapema. Mratibu atakushukuru.

Na hilo la kujua njia si maneno tu. Oktoba 2017, kwenye marathoni ya Venice nchini Italia, kundi la mbele la Wakenya na Waethiopia liliifuata pikipiki iliyokuwa ikiwaongoza, pikipiki ikatoka nje ya njia ya mbio, nao wakatoka nayo. Walipogundua na kurudi walikuwa wamepoteza kama dakika mbili. Mwitaliano Eyob Faniel, aliyekuwa nyuma yao, akapita akashinda. Wale wakimbiaji walifanya lile ambalo mkimbiaji yeyote hufanya: kichwa kimechoka, macho yanafuata kinachoongoza. Ukipangiwa mbele, mdogo wangu, iendeshe njia nzima siku ya Jumapili iliyotangulia, saa ile ile ya mbio, na kwenye kila njia panda simama ujiulize mtu asiyepajua atageukia wapi.

Kuna baiskeli moja ya mbele ambayo naipigania kila nikipata nafasi ya kuzungumza na waandaaji, nayo ni ya mwanamke anayeongoza. Mwanamume wa kwanza kila mtu anamwona, yuko peke yake na pikipiki za polisi. Mwanamke wa kwanza anakuja katikati ya wanaume, amefunikwa, na watu waliosimama pembeni hawajui kwamba mshindi amepita mbele yao. Baiskeli yenye kibao kilichoandikwa MWANAMKE WA KWANZA, ikiwa mita kadhaa mbele yake, inampa makofi yake. Pia inawafanya wanaume wanaokimbia karibu naye wasimzibe kwenye kona. Kikundi chenu kikiwa na msichana mwenye mapafu mazuri, mwombeeni nafasi hiyo. Swali lako la kama msichana anaweza kupangiwa kipande chochote nimelijibu hapo.

Sasa sheria, kwa sababu hapa ndipo moyo mzuri unaweza kumharibia mtu. Kanuni za riadha hazimruhusu mtu asiyeshiriki mbio kumwekea mkimbiaji mwendo, na vinywaji vinatakiwa kuchukuliwa kwenye vituo vilivyowekwa. Mei 2024, kwenye marathoni ya Orange County huko California, kijana mmoja alikata utepe wa kwanza, kisha akafutwa kwenye matokeo kwa sababu baba yake alikuwa amempa maji njiani akiwa juu ya baiskeli. Baba mzazi, chupa ya maji, na ushindi ukaenda kwa mwingine. Kwa hiyo ukiwa karibu na watu wanaowania zawadi, usimpe mtu maji, usimwambie akufuate, usikae mbele yake kumkinga upepo. Akikuomba maji, mwambie kwa upole kituo kiko umbali gani. Fanya hivyo hata ukiona anateseka. Akiwa mgonjwa ni habari nyingine, na huyo humpi maji tu, unamsimamisha.

Mtaniuliza, mbona Eliud Kipchoge tumemwona akipewa chupa na watu wa baiskeli? Ni kweli, na tofauti yake inafaa kueleweka. Vienna, Oktoba 12, 2019, alipokimbia kwa 1:59:40, wapanda baiskeli walikuwa wanamfikishia vinywaji pale pale anapokimbia, na hiyo ni mojawapo ya sababu mbio zile hazikuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Berlin mambo yalikuwa mengine. Huko kuna Mjerumani anaitwa Claus-Henning Schulke, mtu wa kujitolea, mwenyewe mwanamichezo wa triathloni. Mwaka 2018, Kipchoge alipoweka rekodi ya 2:01:39, Schulke alikuwa anasimama kwenye kituo cha vinywaji, anamkabidhi chupa mkononi kwa ustadi, halafu anaruka kwenye baiskeli kuwahi kituo kinachofuata kabla Kipchoge hajafika. Tazameni picha zake mkizipata, jinsi anavyorusha mikono juu kwa furaha kila chupa inaposhikwa vizuri. Mtu mzima, hana medali, anashangilia chupa. Namheshimu sana yule bwana. Baiskeli yake ilikuwa ya kumfikisha tu, na kazi yenyewe aliifanya kwa miguu yake miwili mahali panaporuhusiwa.

Kanuni pia hutofautiana kutoka mbio moja hadi nyingine. Zile za kilomita 100 za Biel nchini Uswisi, zinazokimbiwa usiku kucha tangu 1959, zinamruhusu mkimbiaji awe na msindikizaji wake wa baiskeli, anayembebea chakula na nguo kavu na kumpigia soga gizani. Huko ni utamaduni, hapa kwako inaweza kuwa kosa. Kabla ya siku yenyewe omba karatasi ya kanuni za mbio zenu. Wakikwambia haipo, uliza kwa mdomo mambo mawili: naruhusiwa kumpa nani maji, na nani ana mamlaka ya kumtoa mtu kwenye mbio. Andika majibu.

Katikati ya mbio sitakaa sana. Ukipangiwa huko utakuwa unakwenda na kurudi kati ya vituo viwili, unahesabu maboksi ya maji yaliyobaki, unawaambia wa kituo kinachofuata kwamba kundi kubwa linakuja, unamwondoa mwenye mkokoteni aliyeingia barabarani. Ni kazi nzuri na utaijua ndani ya nusu saa.

Ninapotaka tukae ni nyuma. Mdogo wangu, ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua nyuma.

Wa mbele ana mtu wa kumtazama kila hatua. Wa nyuma amebaki na jua na maumivu, vituo vya maji vimeanza kufungwa, magari yanaanza kurudishwa barabarani, na watoto waliokuwa wakishangilia wameshakwenda kucheza. Sisi Watanzania tunaye John Stephen Akhwari, aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamtaja kwa fahari. Basi tuwatendee hivyo pia hawa wa kwetu wasiojulikana, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa duka la dawa, mzee aliyestaafu reli, ambao wanafika saa saba mchana wakati matangazo yameshazimwa.

Nyuma pana ugumu wake wa kuendesha, na hapa wanaume wenye baiskeli za mashindano hushangaa. Mtu anayemaliza kwa saa saba anakwenda kilomita 6 kwa saa. Mlimani anashuka hadi nne. Jaribu kuendesha baiskeli kwa mwendo huo, uone inavyoyumba. Weka gia nyepesi kuliko zote, endelea kukanyaga polepole huku umebana breki ya nyuma kidogo tu, ya mbele usiiguse, na macho uyatupe mbali, yasiwe kwenye tairi, kama anavyofanya mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ukiona huwezi, shuka usukume, hakuna anayekudai uwe juu ya tandiko. Fanya mazoezi kwenye uwanja wa shule na rafiki anayetembea kwa miguu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mikono ikome kukakamaa.

Mahali pa kukaa ni nyuma yake kidogo, upande wa kulia. Sisi tunapita kushoto, kwa hiyo yeye atakuwa amebana ukingo wa barabara na wewe utakuwa kati yake na magari. Usimsogelee mpaka asikie tairi lako kisiginoni, hapo anaanza kukimbia kwa woga. Usitangulie pia. Kila baada ya dakika chache sogea ubavuni, mtazame usoni, mwambie neno, rudi nyuma.

Neno gani? Kuna wanaopenda kumwambia mtu "umebakiza kidogo tu" akiwa na kilomita tisa mbele yake. Usifanye hivyo. Ana saa mkononi na vibao vya kilomita anavisoma, na akigundua unamdanganya hatakuamini utakapomwambia jambo la maana. Mwambie kweli: kituo cha maji kiko baada ya daraja, mlima unaishia pale kwenye kanisa, baada ya hapo ni kuteremka. Na muulize maswali ambayo majibu yake unaweza kuyapima. Jina lako nani? Umetoka wapi? Hapa tumefika wapi? Anayejibu vizuri, hata kwa hasira, yuko salama kwa sasa. Anayenyamaza, anayejibu jambo jingine, anayeyumba huku na huku barabarani, huyo umeshapata kazi.

Hapa naomba msinisome haraka haraka, maana mtu anayechanganyikiwa mwishoni mwa mbio ndefu anaweza kuwa na moja ya matatizo mawili yanayofanana kwa nje lakini yanayotaka matunzo tofauti.

La kwanza ni joto. Joto la mwili limepanda hadi nyuzi 40 na zaidi, ubongo unaathirika, mtu anaongea ovyo au anakuwa mkali, kisha anaanguka. Usidanganywe na jasho, anaweza kuwa amelowa chapachapa na bado anaungua ndani. Huyu anapozwa hapo hapo alipo: kivulini, nguo za juu zipunguzwe, amwagiwe maji mwili mzima tena na tena, apepewe, na kama kuna barafu awekewe kichwani, shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kupoza kunatangulia, gari linafuata. Kule Falmouth, Massachusetts, ambako kuna mbio fupi za majira ya joto, madaktari huwatumbukiza wagonjwa wa namna hii kwenye mabeseni makubwa ya maji ya barafu pale pale kwenye hema. Katika miaka 18 waliyoiandika, walitibu 274 na hakufa hata mmoja. Wewe huna beseni juu ya baiskeli, lakini kituo cha maji kina ndoo, na nyumba ya jirani ina mpira wa kumwagilia bustani. Omba. Watu wetu hawamnyimi mgonjwa maji.

La pili ni maji yenyewe kuzidi. Ndiyo, kuzidi. Mtu anayekimbia polepole kwa saa nyingi, akinywa vikombe viwili kila kituo kwa sababu kila mtu anamwambia "kunywa, kunywa", anaweza kuifanya chumvi ya damu yake ishuke mpaka ubongo uvimbe. Kwenye marathoni ya Boston ya 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 walikuwa na upungufu huo. Katika mbio hizo hizo mwanamke wa miaka 28 alifariki kwa sababu hiyo. Hatari inawaangukia zaidi wale wa nyuma, wanaotumia zaidi ya saa nne, yaani hawa hawa watakaokuwa mikononi mwako.

Niwaeleze niliyoyaona kwa macho. Nilikuwa nyuma kwenye mbio fulani, nikiwa na mama mmoja mnene kiasi, mcheshi, aliyekuwa akinishukuru kila nikimsogelea. Tulipomaliza mteremko akawa kimya. Nikaona anageuza-geuza pete ya ndoa kwa kidole gumba, anajaribu kuivuta, haitoki. Vidole vilikuwa vimejaa, ngozi imekaza mpaka inang'aa, na mkanda wa saa umechora mstari mkononi. Akaniambia kichwa kinagonga na tumbo limejaa maji, analisikia likicheza. Kijana wa kituo akamletea chupa nyingine, tena kwa moyo wote. Nikamzuia. Nikamketisha mama kivulini, nikampigia daktari wa mbio, nikamwambia: amevimba vidole, ana kichefuchefu, amekuwa akinywa kila kituo. Daktari akaniambia asinywe kitu mpaka afike, wala asitundikiwe dripu na yeyote. Walikuja na ambulensi wakamchukua wakampima. Alirudi nyumbani kwake siku iliyofuata.

Kwa hiyo sheria yangu kwa wapanda baiskeli wa nyuma ni hii: mwache mtu anywe kwa kiu yake. Usimlazimishe. Na unapompigia daktari, usiseme "kuna mtu amezidiwa". Sema namba ya kifuani, uko wapi, anaongea au haongei, ana joto la kuunguza au la, amekunywa sana au hajanywa, na amevimba au hajavimba.

Kuna jambo la tatu, la nadra, ambalo lazima ulijue hata kama hutalikuta maisha yako yote. Mtu anaanguka ghafla, haitiki, hapumui kama kawaida. Huyo moyo umesimama. Watafiti wa Marekani walipitia marathoni na nusu marathoni za kuanzia 2000 hadi 2010, zenye wakimbiaji karibu milioni 11, wakakuta watu ambao mioyo yao ilisimama ni 59. Ni wachache mno. Lakini 42 kati yao walikufa, na kilichowasaidia sana waliopona ni kwamba kuna mtu aliyekuwa karibu aliyeanza kuwakandamiza kifua bila kungoja. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu hadi kishuke angalau sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine apige simu na kukimbilia mashine ya kushtua moyo kama ipo. Usiache mpaka wahudumu wafike au mtu azinduke. Jifunze kwa vitendo kabla ya mbio, kwa watu wa Msalaba Mwekundu au mhudumu yeyote wa afya atakayekubali kukifundisha kikundi chenu jioni moja. Kwangu mimi hili ni sharti. Kikundi kisichojua kukandamiza kifua kisikubali kazi hii.

Haya, baiskeli yako. Ile ya kwendea kazini yenye kikapu ndiyo ninayoitaka! Tairi nene inavumilia mashimo, unakaa wima unaona mbali, na kikapu kitabeba mzigo. Ipeleke kwa fundi siku kadhaa kabla, siyo jioni ya mwisho. Akague breki zote mbili, abadilishe zilizolika, akaze cheni, aangalie spoku. Kengele iwe inalia. Wewe uwe na tyubu ya akiba, pampu na viraka, na uwe umeshawahi kuziba pancha kwa mikono yako mwenyewe. Kwenye kikapu weka chupa mbili za maji ya kupozea watu, kitambaa, glavu, bandeji, mafuta ya mgando kwa walioungua mapajani na kwapani, filimbi, simu iliyojaa chaji na pauabenki, na karatasi yenye namba ya daktari na ya mratibu, maana simu inaweza kuzimika. Dawa za maumivu usibebe wala usigawe. Mtu akikuomba, mpeleke kwa daktari.

Tena weka pedi, za kutosha, kwenye mfuko usioonyesha ndani. Wakimbiaji wanawake hushikwa na hedhi katikati ya njia na hawana wa kumwambia, kwa sababu mpanda baiskeli ni kijana wa kiume na mwenye kituo ni mjomba wa mtu. Ukiwa wewe ndiye uliye nyuma watakuambia. Jua pia mapema choo kiko wapi kwenye kipande chako, na ni mama gani jirani atakayefungua mlango wake. Pita ukamsalimie kabla ya siku yenyewe, umwombe kwa heshima.

Kuhusu wewe mwenyewe: vaa unavyojisikia huru, suruali isiyoingia kwenye cheni, kofia ngumu, na fulana ya kung'aa inayoonekana na dereva kutoka mbali. Wapo watakaokutupia maneno barabarani. Kwenye mbio msisindikize mmoja mmoja huko nyuma, muwe wawili, kwa usalama wenu na kwa sababu mmoja akibaki na mgonjwa mwingine aendelee na waliobaki. Kula asubuhi, uji na viazi, chochote kinachokaa tumboni. Saa saba juu ya tandiko na njaa, hasira zako utazimwagia watu wasio na hatia.

Na sasa neno ambalo baadhi ya waandaaji hawatalipenda. Kujitolea hakumaanishi kuonewa. Viingilio vinalipwa, wadhamini wana mabango kila kona, na bado nimeona vijana wakiambiwa wajitegemee kwa chakula, nauli na matengenezo. Usidai mshahara, uliahidi kujitolea. Ila kabla ya siku yenyewe kaeni na mratibu muulize: tukigongwa na gari, nani anagharamia matibabu? Baiskeli ikiharibika kazini? Chakula chetu kiko kituo gani, na kitatusubiri sisi wa nyuma au kitakuwa kimeliwa? Polisi wa barabarani watabaki mpaka mtu wa mwisho apite, au wataondoka saa fulani? Hilo la mwisho lisipojibiwa vizuri, kataeni kupeleka watu nyuma. Mpanda baiskeli mmoja hawezi kuzuia lori la mchanga.

Itafika pia saa ya kumwambia mtu aache. Muda wa mbio umekwisha, barabara inafunguliwa, na yeye bado ana kilomita kadhaa. Usimtangazie kwa sauti mbele ya watu. Shuka kwenye baiskeli, tembea naye, mweleze kanuni, mwache alie kama anataka kulia. Akikataa kupanda gari la kukusanya waliobaki, hana dalili ya ugonjwa na ana akili zake timamu, ni mtu mzima, ahamie pembeni ya barabara aendelee kwa hiari yake, namba ya kifuani umwombe aivue, na umjulishe mratibu. Akiwa amechanganyikiwa, hapo hakuna majadiliano: mpigie daktari, mshike asidondoke, ukae naye.

Mbio zikiisha usiondoke na wenzako kwenda kupiga picha mpaka umepewa jibu la hesabu: waliotoka ni wangapi, waliofika ni wangapi, waliopanda magari ni wangapi. Namba zisipolingana, kuna mtu bado yuko barabarani, na baiskeli yako ndiyo ya haraka kuliko zote kumrudia. Kisha usiku huo huo, hata kama miguu inauma, mwandikie mratibu kituo gani kiliishiwa maji na saa ngapi, kona gani magari yaliingia, na wapi ulipiga simu ikakosa mtandao. Nakala moja baki nayo, kwa sababu mwaka ujao mratibu anaweza kuwa mwingine.